Msinunue hadithi ya mtu mwingine: majibu ya maswali yenu ya viza na azile (hifadhi ya wakimbizi)

Maswali ni mengi kuliko nafasi. Nimechagua yale yanayoumiza zaidi, pamoja na machache ambayo nimechoka kuyajibu.

Kuna komisionere (dalali wa viza) hapa Kamalondo, Lubumbashi, anaomba dola 1,200. Anasema ana mtu wake ndani ya ubalozi. Anaaminika?

Hapana. Swali hili naletewa kila wiki, na kila wiki kuna mtu analia baada ya pesa kwenda. Asiyeweza kukupa risiti yenye jina lake usimpe hata franka moja, na paspoti yako isilale kwake.

Mdogo wangu alipanda basi, akapita Kasumbalesa, Lusaka na Zimbabwe, sasa yuko Musina, Afrika Kusini. Wenzake wamemuuzia hadithi ya kusema anatoka Goma, kwenye vita. Yeye ni mtoto wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Hadithi hiyo itapita?

Yaya, mpigie simu leo, kabla hajaitwa kwenye mahojiano, umwambie aitupe.

Afisa hataishia kwenye neno "vita". Atamuuliza alikaa kartie gani, alisali wapi, sokoni alifika kwa njia ipi, na siku waasi wa M23 walipoingia mjini, mwisho wa Januari 2025, alikuwa na nani na walikimbilia upande gani. Aliyeishi Goma atajibu bila kufikiri. Kijana wa Katuba atataja volkano, kisha atanyamaza. Na atakachosema siku hiyo hakifutiki. Kitasomwa tena kwenye rufaa, na kitasomwa tena siku atakapotaka kuwaunganisha mke na watoto kwenye dosie yake. Nafahamu baba mmoja ambaye alipofika alisema hana mtoto, kwa sababu hadithi aliyouziwa haikuwa na mtoto ndani. Miaka ikapita, akataka kumwandikisha binti yake, na maneno yake mwenyewe yakamfungia mlango.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mama aliyekimbia Goma au Bukavu kweli, na watoto mgongoni. Anapofika dirishani, afisa ameshaisikia hadithi yake mara mia, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Kivu. Mama huyo anahojiwa kama mwizi. Tumemwibia sisi, ndugu zake.

Tena uongo huo mara nyingi hauna hata kazi. Sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini, ya 1998, haimtazami tu anayewindwa yeye binafsi. Inamtaja pia aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya matukio yaliyovuruga vikali usalama katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Na Katanga yetu hii ina machungu yake. Wako waliotoka Pweto na Mitwaba vijiji vikiungua. Wako Wakasai ambao wazazi wao walifukuzwa hapa 1992 na 1993, wakalala kwenye gare (stesheni) ya Likasi wakisubiri treni. Kama mdogo wako ana lake, aseme lake, kwa maneno yake, hata kama ni dogo. Kama alikwenda kutafuta kazi tu, azile si mlango wake, nami sitamfundisha namna ya kuuvunja.

Ajue pia kuhusu siku. Karatasi ya kwanza ya mpakani ina siku 5 tu za kumfikisha kwenye ofisi ya wakimbizi. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya kule ilisema kuchelewa peke yake hakumnyimi mtu haki ya kuomba, lakini marekebisho ya sheria hiyo yaliyoanza Januari 2020 yalimtaka aeleze sababu ya kuchelewa. Asikae Musina akisubiri marafiki.

Wajukuu wangu wako Johannesburg na mama yao. Shule imekataa kuwaandikisha kwa sababu hawana makaratasi. Nitoe "kitu kidogo"?

Usitoe, mama. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua kwamba mtoto hawezi kufukuzwa wala kukataliwa shuleni kwa kukosa makaratasi. Binti yako arudi kwa mkuu wa shule na kumwomba akatae kwa maandishi. Wengi hubadilika hapo hapo. Akishikilia, binti aende Lawyers for Human Rights, shirika la mawakili wa haki za binadamu; husaidia bila malipo.

Ni kweli Marekani wametufungia?

Orodha yao ya Juni 2025 ya nchi walizozifungia iliitaja Jamhuri ya Congo, ile ya Brazzaville. Sisi ni Jamhuri ya Kidemokrasia. Watu wameuza viwanja kwa hofu ya jina la jirani! Masharti yao hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi wao wa Kinshasa, si sauti uliyotumiwa kwenye WhatsApp.

Nimekataliwa viza ya Ubelgiji mara tatu. Nirudishe dosie ile ile?

Ya nini? Barua ya kukataliwa ina sababu. Isome, au umpe anayesoma Kifaransa vizuri. Tangu Juni 2024 ombi moja la Schengen ni euro 90, na hairudishwi. Naona ni dhuluma mtu wa Lubumbashi kulipa pesa hiyo ili aambiwe hawaamini kwamba atarudi nyumbani. Lakini dosie ile ile itazaa jibu lile lile. Ukiona wamekosea, una siku 30 za kukata rufaa Brussels kwenye baraza la kesi za wageni.

Niko Durban. Karatasi yangu ya azile imepitwa na siku 40. Wananiambia ombi langu limekufa.

Halijafa. Marekebisho ya 2020 yalisema ukikaa mwezi mmoja bila kuifanya upya, ombi linahesabiwa kwamba umelitelekeza. Desemba 2023 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo. Mwenye kukutisha na hilo leo anataka pesa yako.

Hata hivyo usilale. Tuma ombi la kuifanya upya kwa intaneti leo hii, chapa uthibitisho, utembee nao mfukoni pamoja na karatasi ya zamani. Najua wengine wenu mmeifanya upya kila baada ya miezi michache kwa zaidi ya miaka 10, bila ndiyo wala hapana, na mwajiri akiiangalia anawapa nusu ya mshahara. Huko ni kumwadhibu mtu bila kumhukumu, na nitaendelea kuliandika.

Nikichukua uraia wa nchi ya kigeni, nitabaki Mkongomani?

Kwa sheria yetu, hapana. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 kinasema uraia wa Congo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine.