Bogainvilia kivulini: majani tele, maua hakuna

Umeuliza kama kuongeza mbolea kutaifanya bogainvilia iliyo chini ya mti ichanue. Hapana, hakutaifanya. Kinachokosekana ni jua. Inataka jua la moja kwa moja saa 6 hivi kwa siku. Isipolipata hurefuka tu kutafuta mwanga, na naitrojeni nyingi ya mbolea huzidisha majani. Niliikuza mahali kama hapo miaka 3, nikavuna matawi na miiba, ua hata moja sikuliona.

Hapo panda mmea utambaao uitwao Clerodendrum thomsoniae. Asili yake ni Afrika Magharibi ya kitropiki, na mwanga uliochujwa na majani unaufaa sana. Hupanda kwa kujizungusha na hufika mita 4 hivi, kwa hiyo uwekee waya au kamba, maana ukuta mtupu hauwezi kuushika. Maua yake yatazame kwa karibu: vifuko vyeupe mfano wa taa ndogo za karatasi, na kwenye mdomo wa kila kimoja linachungulia ua jekundu la damu. Hilo jekundu likishadondoka, vifuko hubaki na kugeuka rangi ya waridi iliyoiva, na mimi huvipenda hata zaidi wakati huo.

Huchanua kwenye machipukizi mapya, basi upunguze matawi baada ya maua kwisha, si kabla. Ila kwenye kivuli kizito, pasipopata hata jua la asubuhi, nao utachanua kidogo. Na jalidi, yaani baridi ya kugandisha, hauiwezi; penye baridi hiyo uupande kwenye chungu na kuuingiza ndani.