Prednisoloni: Siku Tano au Miezi Mitatu?

SWALI: Mama ana miaka 63. Amekaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa) kwa kuni hapa Obunga miaka mingi, na aliambiwa ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa), si pumu. Kifua kikimbana, kliniki moja humpa prednisoloni ya siku tano, nyingine ya wiki mbili. Sasa ananunua mwenyewe kwa kemisti, na ni miezi mitatu anameza vidonge viwili vya miligramu 5 kila asubuhi. Uso umevimba, sukari imepanda. Azitupe? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Asizitupe! Prednisoloni ni steroidi; ukimeza steroidi zaidi ya wiki tatu, tezi zilizo juu ya figo huweza kuacha kutengeneza homoni yake. Akikata ghafla atalegea, atatapika, presha inaweza kushuka hadi azimie. Aende hospitali na pakiti zake wiki hii. Dozi ishushwe polepole huku sukari na presha zikipimwa.

Kliniki ya siku tano ndiyo iliyopatia. COPD ikichacha, dozi ni miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge vinane vya 5, vyote asubuhi baada ya chakula (vya jioni hufukuza usingizi). Kwa dozi hiyo fupi, siku ya sita anaacha, hakuna kupunguza. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2013 ulilinganisha siku 5 na 14: katika miezi sita, waliozidiwa tena walikaribiana sana.

Ubaya wa dawa hii ni kwamba inapendeza. Pumzi inafunguka, hamu ya kula inarudi, basi mtu anaendelea. Lakini kuimeza kila siku hakuyalindi mapafu hayo; hudhoofisha mifupa, huleta mtoto wa jicho na huweza kuamsha TB iliyolala. Kikohozi kikibadilika, makohozi yapimwe.

Dawa yake ya kila siku ni inhela ya kupanua njia za hewa, kwa spesa (kopo la plastiki linalounganishwa na inhela). Inhela ya steroidi huongezwa kwa anayezidiwa mara kwa mara, hasa eosinofili (aina ya seli nyeupe) katika kipimo cha damu zikifika 300 kwa mikrolita. Chini ya 100 faida ni haba, na nimonia hunyemelea. Akiipewa, asukutue mdomo na kutema kila akivuta. Kama anatumia ARV zenye ritonaviri, aseme mapema: huzuia flutikasoni na budesonidi (steroidi za inhela) zisivunjwe mwilini, uso ukavimba vilevile bila kumeza kidonge.

Midomo ikigeuka bluu, au akishindwa kumaliza sentensi, msipitie kwa kemisti. Hospitali, usiku huohuo.