Kitambaa Kwanza, Mchoro Baadaye

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kwangu huja na madaftari ya michoro, na michoro yenyewe huwa mizuri kweli: mikono mipana, mikia inayoburura chini, mabega yaliyosimama. Nikiuliza gauni hili litashonwa kwa kitambaa gani, wananyamaza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kuwa mbunifu wa mavazi ni mmoja tu: weka penseli chini, nenda Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, ushike vitambaa mpaka wenye maduka wakuzoee.

Chukua khanga. Upande mmoja una urefu wa kama mita moja na nusu, na upana wa mita moja na kidogo. Una pindo kuzunguka, mji, yaani mchoro wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Kabla hujashika mkasi, nusu ya ubunifu imeshafanywa na mtu mwingine, na kazi yako ni kumheshimu. Mimi huitandaza doti nzima, yaani pande zote mbili, mezani na kuitazama muda mrefu. Pindo liende chini ya gauni au kwenye mikono? Mji ukae mgongoni au kifuani? Khanga haikupi nafasi ya kubahatisha, kwa sababu kila upande una mji mmoja. Ukishaukata vibaya, huna mwingine.

Halafu kuna jina. Wanawake wa pwani huchagua khanga kwa jina lake, na baadhi yao wanaweza kurudisha doti nzuri kabisa dukani kwa sababu maneno hayakuwagusa. Sasa fikiria khanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye siye". Neno la mwisho likimezwa na mshono wa ubavuni, mteja wako atapita mitaani akisema kinyume cha alichokinunua. Hilo si jambo dogo hata kidogo. Khanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, zenye alama ya "Mali ya Abdulla", bado zinatafutwa, na maneno yake ni sehemu kubwa ya sababu.

Kitenge kina tabia nyingine. Maua yake hujirudia, kwa hiyo mtihani wako ni kuyakutanisha kwenye mshono. Ua kubwa likikatika katikati ya kifua na nusu zake zisikutane, gauni linaonekana limeshonwa kwa haraka hata kama cherehani ilikwenda sawasawa. Kuyakutanisha kunakula kitambaa, hivyo mwambie mteja mapema aongeze yadi. Kitenge cha pamba kiloweke na ukianike kabla ya kukata, kitoe wanga na kinywee kwa kiasi chake, kisije kikanywea mwilini mwa mtu baada ya kufuliwa mara moja. Ukitilia shaka kama ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba unanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, wa polista unayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Wengi wenu mnaota jukwaa. Nawaelewa. Tangu mbunifu Mustafa Hassanali alipoanzisha maonyesho ya mavazi ya Swahili Fashion Week mwaka 2008, kijana wa Dar es Salaam anaweza kuona kwa macho yake kwamba kazi hii ina heshima. Lakini shule iliyonifundisha zaidi ni sare za harusi, zile ambazo wabunifu wengi huzidharau. Kitambaa ni kimoja, rangi ni moja, na waliosimama mbele yako ni mama wa bwana harusi, shangazi anayetaka mikono mirefu, dada mjamzito, na binti ambaye asingevaa kitenge kama si harusi ya kaka yake. Kila mmoja anataka aonekane yeye. Hapo huna pa kujificha nyuma ya kitambaa cha bei. Unabaki na shingo, kiuno, urefu, na namna unavyomsikiliza mtu anapokuonyesha picha kwenye simu na kusema "nataka hivi hivi". Muulize anachokipenda kwenye picha hiyo. Mara nyingi ni kitu kimoja tu, pengine namna bega lilivyokaa, na hicho unaweza kumpa kwa mwili wake mwenyewe. Naamini mtindo wa mbunifu huzaliwa humo, kwenye majibu anayoyatoa tena na tena kwa watu tofauti, mpaka siku moja mtu anaona gauni kwenye sherehe na kujua limetoka kwa nani.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, maana wengi wanajua na hawatendi. Hesabu bitana, zipu, uzi, umeme, nauli ya Kariakoo, mshahara wa fundi, kisha hesabu saa zako ulizokaa ukitazama kitambaa. Hizo nazo ni kazi.

Na tarehe. Msimu wa Idi na Desemba kila mtu atataka nguo yake Ijumaa, na mdomo utakuwa mwepesi kusema ndiyo. Fungua daftari la oda mbele ya mteja, mwonyeshe zilizotangulia, mpe siku unayoiweza. Akiikubali, pokea kianzio. Akikataa, mwelekeze kwa fundi mwingine unayemwamini.