Re: Kupiga Barren Rocks of Aden harusini kwa fidla na zumari la Kiskoti
Mkuu simama hapo hapo, hizo nota usizikariri bado. Umesema harusi ya shemeji yako iko Edinburgh, utapiga fidla sambamba na mjomba wao mwenye zumari la mfuko, mpige ile tuni ya Barren Rocks of Aden, na karatasi unayo tayari imeandikwa kwenye A. Hiyo A ndo itakuumbua.

Zumari la Highland, lile kubwa la mfuko la Kiskoti, linaandikiwa A ila likipulizwa inatoka sauti ya juu kuliko B flati (nusu toni juu ya A), siku hizi A ya wengi iko kwenye hezi 475 hadi 480 huko, wakati A ya fidla yako umeitune hezi 440. Yaani sio hata nusu toni kamili useme nitahamisha vidole yaishe, ukipiga A mnagombana, ukipanda B flati bado mnagombana.

Mimi nimeyajulia ukumbini, Glasgow. Jamaa wa duka la muziki aliyeniuzia kitabu nilimuuliza kabisa, akanijibu "A ni A bwana, usijali". A ni A! Mtu kajaza mazumari ukutani na hajui yanalia wapi, au anajua ila alitaka tu kitabu kitoke. Basi mpigaji akajaza mfuko, yale mabomba ya begani yakaanza kuunguruma, nikaingia na A yangu, bibi mmoja wa mbele akaziba sikio. La upande wangu! Nikajifanya fundi nikasogea pembeni kukaza nyuzi niifuate ile sauti, G ikakubali, D ikakubali, ile E nikaizungusha kidogo tu ikakatika ikanichapa kidole, kidaraja kikalala chali, na nyuzi za akiba ziko nyumbani kwenye droo. Shughuli nzima nikaimalizia kwa makofi. Bwana harusi mpaka leo anajua kukata uzi ni mila ya kwetu, na sijamkatalia.

Tuni yenyewe haina neno, ni gwaride la 2/4, na zumari lina nota tisa tu. Tena ni Aden ileile ya majahazi ya wazee wetu, Waskoti walikuwa na kikosi pale. Ila kama karatasi yako ni ya wapiga zumari, C na F hawaziwekei alama ya shapu (ya kupandisha nusu toni) na zinapigwa shapu, ukisoma kavu kavu utapiga msiba.

Sasa mpigie huyo mjomba umuulize analeta zumari GANI. Akisema smallpipes au border pipes za A, aina nyingine za zumari la mfuko, umepona, A ya hizo inakaa 440. Akisema Highland, muulize kama ana chanter (lile bomba la kuchezea vidole) ambayo A yake ni hezi 466, yaani B flati, hapo unapanda nusu toni kamili na mambo yanakaa. Kama hana, akurekodie A yake kwa simu uisikie kwa masikio yako kabla hujagusa nota hata moja, halafu mpokezane, yeye apige zake wewe upige zako, maana lile dude limeundwa kwa ajili ya askari wanaotembea nje na halina sauti ndogo.

Habari za kilt, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, wadau watakuja. Wewe mpigie leo, sio asubuhi ya harusi.