Re: Land Rover inamisi asubuhi, mchana iko poa

Mkuu, kama Land Rover 109 yako ya petroli inamisi (injini inarukaruka, haichomi sawasawa) asubuhi za ukungu hapo Uyole, Mbeya, na jua likitoka inatulia, usinunue plagi tena. Nashuku unyevu kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi.

Usiku washa injini gizani, boneti wazi, bila kugusa kitu. Ukiona cheche za bluu zikitambaa juu ya kifuniko cha distributa au nyaya, moto (umeme wa plagi) unavuja hapo. Zima, banua klipu mbili, futa kifuniko kwa kitambaa kikavu ndani na nje. Angalia vizuri kati ya vinundu vya ndani vinavyopokea moto: kuna mstari mweusi mwembamba kama wa penseli? Huo ni njia ya moto iliyoungua, kufuta hakutasaidia. Badilisha kifuniko na rota (kipande kinachozunguka chini yake) pamoja. Mimi nilihangaika na kabureta wiki mbili nikipanda Mlima Nyoka, kumbe ni mstari huo.

Pima pia pengo la pointi (swichi ndogo ndani ya distributa), zikiwa wazi kabisa liwe milimita 0.35 hadi 0.40. Zikiungua mapema, kondensa (kikopo kidogo kinachopunguza cheche kwenye pointi) imechoka.

Taimingi (wakati wa cheche kutoka) usiiguse kwanza, tafadhali. Fundi akitaka kuzungusha distributa kabla ya kufungua kifuniko, mzuie.