Usihesabu vipande, fuata gogo

Vijana mnaoanza kazi ya kupasua mbao huku Mufindi, nyote mtapita kwenye kosa langu: kuhesabu vipande. Jioni bosi anapiga simu, "Leo zimetoka ngapi?" Unamtajia mia tatu na ushee, mnapongezana. Mwisho wa mwezi umelipa dizeli, vibarua na mwenye shamba, mfuko mtupu, na hujui hela imepitia wapi.

Imeishia kwenye mabanzi (vile vipande vya pembeni vyenye gome) na pumba. Chukua gogo la mlingoti (mkaratusi) lenye kipenyo cha katikati sentimita 30, urefu futi 12. Piga 0.30 mara 0.30 mara 0.7854 mara 3.66, unapata meta za ujazo 0.259. Ukitoa mbao za inchi 2x6 nne na 1x6 mbili, hizo ni 0.142, yaani asilimia 55 ya gogo. Sasa angalia msumeno. Wa mkanda unaokula milimita 3, kwa njia 10, yaani ukipita mara kumi, umekula sentimita 3. Wa duara, kama wa dingdong (zile mashine ndogo za kupasulia), ukila milimita 8, njia hizohizo ni sentimita 8. Sentimita 5 zilizozidi ni unene wa ubao wa inchi mbili, umegeuka vumbi.

Tuseme meta ya ujazo ya gogo ni shilingi 100,000 (namba ya mfano, msije kunishikia sokoni). Ukipata asilimia 55, meta ya mbao imekugharimu kama 182,000. Ukipata 35, ni 286,000, na hapo dizeli bado.

Halafu kuna daraja la ubora wa ubao, na mlingoti ndiyo mti wa kukufundisha adabu. Una mkazo ndani. Ukimenya gogo upande mmoja tu, ubao unanyanyuka kama upinde. Toa banzi huku, geuza gogo, toa kule. Moyo wa gogo ubaki ndani ya kipande kimoja kinene. Ukiugawa kwenye mbao nne, umeharibu nne. Wamarekani, kwa kanuni za NHLA, chama chao cha mbao ngumu, ubao wa daraja la juu, FAS, wanautaka uwe na walau inchi 6 kwa futi 8, na asilimia 83 na kitu ya eneo lake itoke safi, tena wakiupima kwa uso wake mbaya. Hapa Mafinga mteja hakuulizi hayo, lakini hiyo tabia ya kugeuza ubao na kuutazama upande mbaya kwanza niliichukua.

Na usipange daraja siku ya kupasua. Julai moja niliacha mbao mbichi za mlingoti juani, kwenye ule upepo mkavu. Siku ya nne zikaanza kulia ta! ta! kama bisi kwenye chungu. Zile nilizoziandika daraja la kwanza zilikuwa na nyufa ningeweza kupitisha sarafu. Sasa napanga kivulini, vijiti katikati, uzito juu, na daraja naliandika zikishakauka.

Anza na magogo 20. Yape namba kwa chaki kwenye ncha, kila ubao uandikwe namba ya gogo lake, na dakika za kupasua ziingie daftarini. Daftari langu la kwanza lilinionyesha kwamba magogo ya chini ya sentimita 20 yalikuwa yakila muda sawa na ya 30. Siku hizi yakija kwenye lori nayatenga upande, anayetaka mirunda aje achague.