Kompyuta ya zamani ya mezani, Wi-Fi mpya: maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa jambo moja: mashine ya mezani ambayo bado inafanya kazi, ila haishiki Wi-Fi. Tumechagua machache yanayofanana na shida za wengi jijini Dar es Salaam.

Nina stesheneri ndogo Mbagala. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex ya zamani, ile nyembamba, ina Windows 7. Ruta iko sebuleni, nyuma ya duka, na simu inashika vizuri hapa dukani. Kompyuta haina hata alama ya Wi-Fi. Wanafunzi wakija na maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nawajazia kwa simu. Fundi ananiambia ninunue mashine nyingine. Je, ni lazima?

Si lazima, ndugu yetu. Mashine nyingi za ofisi za miaka ile zilitoka kiwandani na tundu la waya wa mtandao tu, bila redio ya Wi-Fi. Redio hiyo inauzwa peke yake, na kuiweka ni kazi ya nusu saa ikiwa umenunua inayofaa.

Njia nyepesi ni adapta ya Wi-Fi ya USB, kile kidude kidogo kama fleshi. Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, kagua mambo mawili. Bofya kulia kwenye "Computer", chagua "Properties", kisha soma mstari wa "System type": utakuambia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Iandike, kwa sababu draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, ikiwa ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64. Halafu fungua ukurasa wa ruta kwa simu. Anwani yake huandikwa kwenye lebo chini ya ruta. Nenda sehemu ya usalama wa Wi-Fi. Kama imewekwa WPA3 peke yake, ambayo ni aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, Windows 7 haitaunganika hata ukiandika nywila sahihi. Weka ile ya kabla yake, WPA2-PSK yenye AES. TKIP iache kabisa, maana ukiichagua kasi haitavuka megabiti 54 kwa sekunde hata kama adapta ina uwezo zaidi.

Ukifika dukani, uliza chipu, yaani kile kipande cha ndani kinachoendesha adapta. Wateja wengi huchagua kwa kuangalia urefu wa antena, na hapo ndipo wanapopotea. Antena nzuri juu ya chipu isiyo na draiva ya Windows 7 ni hasara tupu. Chipu mbili za siku nyingi ambazo draiva zake zinapatikana kwa urahisi ni RTL8188EUS ya Realtek na MT7601U ya MediaTek. Zote mbili ni za mawimbi ya 2.4 GHz na kasi yake kwenye karatasi ni megabiti 150. Kwa vitendo utapata pungufu sana ya hapo, lakini kwa kujaza fomu na kutuma barua pepe inatosha na kubaki. Mwombe muuzaji akuonyeshe boksi limeandikwa linakubali Windows 7. Kwa adapta za TP-Link kama TL-WN725N, soma pia namba ya toleo iliyochapishwa kwenye kifaa chenyewe, kwa kuwa jina moja limebeba matoleo tofauti na kila toleo lina draiva yake.

Kuna adapta zinazoshika 2.4 na 5 GHz kwa pamoja. Kwako, mwenye ukuta wa tofali za saruji kati ya duka na sebule, 5 GHz haitakusaidia sana: ina kasi zaidi lakini hupenya ukuta kwa shida kuliko 2.4.

Draiva huja kwenye kisahani kidogo cha CD, na mashine za umri huo mara nyingi CD haisomi tena. Usihangaike. Chukua simu ya Android, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya ule wa kuchajia, hakikisha ni waya unaopitisha data, kisha kwenye mipangilio ya simu fungua sehemu ya hotspoti na uwashe "USB tethering". Kwa simu nyingi Windows 7 huitambua simu yenyewe baada ya dakika moja au mbili. Simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya ruta yako, kompyuta itapitia hiyohiyo bila kugusa bando lako. Shusha draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, uisakinishe, zima mashine, iwashe tena, halafu ndipo uchomeke adapta.

Sasa mahali pa kuichomeka. Poti za mbele ya CPU zimeungwa kwa waya mwembamba ndani ya kasha, na baadhi zimechakaa hata umeme haufiki sawasawa. Tumia za nyuma. Lakini za nyuma zina tatizo lake: adapta inajificha kati ya bati la kasha na ukuta, na bati huzuia mawimbi. Nunua waya wa kurefusha USB wa mita 1 hadi 2, upandishe adapta juu ya meza mahali panapotazama upande wa ruta, mbali na nondo za dirisha. Usivuke mita 5, huo ndio mwisho wa waya wa USB 2.0. Waya huu ni wa bei ndogo, na mara nyingi ndio unaotofautisha kati ya mtandao unaokatika na uliotulia.

Njia ya pili ni kadi ya PCI Express ya ndani. Ni imara zaidi na antena zake hutoka nje nyuma, lakini kwa mashine yako nyembamba kuna mtego: kadi lazima iwe na bamba fupi. Bamba refu la kawaida halitaingia, na kasha halitafunga. Hakikisha boksi lina mabamba yote mawili. Kabla ya kufungua kasha chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, na gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi.

Kama duka na nyumba ni jengo moja, waya wa mtandao wa Cat5e kutoka kwenye ruta unashinda zote mbili. Unafika hadi mita 100, hauhitaji draiva mpya, na haujali majirani wangapi wana ruta. Usiupitishe nje hewani kutoka jengo moja hadi jingine; radi ikipiga karibu wakati wa masika, umeme wake unaweza kupita humo na kuunguza ruta na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwa pamoja.

Nimenunua adapta. Nikiichomeka, kompyuta inaonyesha kama nimeweka CD, haileti Wi-Fi. Nimebadilisha poti zote. Ni feki? (Tabata)

Huenda ni nzima kabisa. Baadhi ya adapta za Realtek hujitambulisha kwanza kama CD ili zikupe draiva iliyohifadhiwa ndani yake. Fungua hiyo CD, endesha faili la kusakinisha, subiri limalize, kisha bofya kulia kwenye alama ya CD na uchague "Eject". CD itapotea na adapta itarudi kama kifaa cha mtandao.

Isipofanya hivyo, fungua "Device Manager", tafuta kifaa chenye alama ya njano, ingia "Properties", kisha "Details", na uchague "Hardware Ids". Utaona herufi na tarakimu. VID ni namba ya mtengenezaji, PID ni ya kifaa. VID_0BDA ni Realtek. Ukiona PID_1A2B, bado imekwama kwenye hali ya CD. PID_8179 ni RTL8188EUS. VID_148F na PID_7601 ni MT7601U. Tafuta draiva kwa namba hizo, usitafute kwa jina lililo kwenye boksi, kwa kuwa boksi linaweza kuandikwa chochote. Na uikwepe ile programu inayodai kutafuta draiva zote kwa mkupuo mmoja. Nyingi huleta matangazo na takataka nyingine.

Namba ya kosa nayo inasema mengi. Kosa 28 maana yake draiva haijawekwa. Kosa 10, kifaa kimeshindwa kuanza: jaribu poti nyingine ya nyuma au draiva ya toleo jingine. Kosa 52 huwasumbua wenye Windows 7 ya biti 64: draiva ina saini ya kisasa ambayo Windows yako haiijui. Dawa yake ni sasisho la Microsoft namba KB3033929, au draiva ya zamani kidogo.

Draiva ikikaa sawa na bado huoni mtandao wowote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, na utafute "WLAN AutoConfig". Mafundi wengine huizima ili kupunguza mzigo kwenye mashine isiyo na Wi-Fi. Iweke "Automatic" na uiwashe. Na kama simu inauona mtandao wako lakini kompyuta inaona wa majirani tu, ruta yako iko kwenye 5 GHz au kwenye chaneli ya 12 au 13, ambazo baadhi ya adapta hazizisikilizi. Ihamishie chaneli ya 1, 6 au 11.

Wi-Fi imeungana, alama imejaa, lakini kila tovuti inasema si salama na haifunguki. Google yenyewe inagoma. (Kimara)

Angalia saa iliyo pembeni chini ya skrini, hasa mwaka. Tovuti huthibitisha utambulisho wake kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini leo ni mwaka 2009, cheti cha mwaka huu kinaonekana bado hakijazaliwa, na kivinjari kinakataa kwa haki kabisa. Rekebisha tarehe, na mara nyingi kila kitu kitafunguka.

Tarehe ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ya mazabodi imekufa. Ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Chomoa umeme, fungua kasha, sukuma kiklipu pembeni ya betri, itaruka juu. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza, uweke tarehe.

Tarehe ikiwa sahihi na shida ipo palepale, kosa ni la kivinjari. Kwenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109. Firefox ina toleo la 115 ESR linalokubali Windows 7, tena inatumia orodha yake yenyewe ya vyeti, kwa hiyo hufungua tovuti ambazo Internet Explorer inashindwa.

Inashika, inakatika. Jioni ndiyo balaa. Ni kampuni ya intaneti au adapta? (Sinza)

Pima kabla ya kulaumu. Fungua cmd, lile dirisha la Windows la kuandika amri, andika ipconfig, uone namba ya "Default Gateway". Hiyo ndiyo ruta yako. Kisha andika ping, acha nafasi, weka namba hiyo, acha nafasi, malizia na -t. Acha ikimbie dakika tano. Fungua dirisha jingine ufanye vivyo hivyo kwa 8.8.8.8. Ukiona ruta inajibu bila kukosa lakini 8.8.8.8 inapotea, tatizo liko nje ya nyumba, mpigie mtoa huduma. Ruta yenyewe ikipotea, tatizo ni Wi-Fi yako.

Kwa Wi-Fi, andika netsh wlan show interfaces usome asilimia ya mawimbi na chaneli. Chini ya nusu, sogeza adapta kwa ule waya wa kurefusha. Mawimbi yakiwa mazuri lakini jioni mambo yanakuwa mabaya, ni msongamano: majirani wamerudi, ruta zote zinagombea chaneli moja. Kwenye 2.4 GHz ni 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana. Chagua yenye watu wachache na uweke upana wa chaneli 20 MHz. Mwisho, ndani ya "Device Manager" fungua adapta, kwenye "Power Management" ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Tiki hiyo hukata mtandao kila ukikaa bila kugusa mashine.

Nina Pentium 4 yenye Windows XP. Nataka watoto waisomee. (Kigamboni)

XP yenye Service Pack 3 inaweza kuunganika na WPA2, na RTL8188EUS ina draiva yake. Hata hivyo hatukushauri kuiweka mtandaoni. Microsoft iliacha kuiziba matundu tarehe 8 Aprili 2014, na tovuti nyingi za sasa hazifunguki humo. Itumie bila intaneti: masomo uyashushe kwa simu, uyahamishe kwa fleshi.

Windows 7 nayo iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mwenye stesheneri wa Mbagala, ukishatulia, fikiria Linux Mint ya XFCE, mfumo unaokaa badala ya Windows, kama mashine yako ina RAM ya GB 4 na prosesa ya biti 64. Haina malipo, inapata masasisho, na chipu zote mbili tulizokutajia zinatambulika humo bila kutafuta draiva. Ijaribu kwanza kutoka kwenye fleshi bila kusakinisha, uhakikishe printa yako nayo inakubali, kisha ndipo uamue.